Kutoka Uvira mupaka Bukavu na muzigo wa kushi



Katika mukutano wetu wa juma lililopita, mumoja wetu anayengojea kuzaa aliuliza swali: anunue kitambaa gani kwa ajili ya kushi za mutoto? Mulisikia majibu. Mumoja alisema flaneli, mwingine taulo, mwingine mashuka ya zamani, na kelele ikawa nyingi. Mimi nilinyamaza. Siyo kwamba sikuwa na jibu. Jibu langu liko na safari ya siku nzima ndani yake, tena liko na haya kidogo, na wakati wa kuchanga feza ulikuwa umekwisha kufika. Nikaombwa niliandike. Ndilo hili.

Binti yangu aliolewa Bukavu. Miaka michache iliyopita, mwezi wa 10 ukiisha, alizaa mutoto wake wa kwanza, mwanaume. Munajua desturi: mama wa muzazi anapanda kwenda kumutunza, na haendi mikono mitupu. Nikaanza kushona. Nimelea watoto 5 hapa Uvira, wote kwa kushi za kitambaa, na nilifikiri hakuna mutu anayeweza kunifundisha kitu juu ya kushi. Nilinunua molotoni nzito, ile yenye manyoya laini. Nikanunua taulo. Nikaweka taulo katikati ya vipande viwili vya molotoni, nikashona pande zote nne, kisha nikapitisha mushono katikati ili visitembee. Nilishona 24. Kila moja ilikuwa nene kama mukate. Nikazipiga pasi, nikazifunga ndani ya kikwembe, na muzigo ukawa mukubwa hata konda wa taksibasi aliniuliza kama nimebeba godoro.

Tuliondoka asubui sana. Waliokwisha kupita njia hiyo wanaijua: unaacha ziwa nyuma yako, unaingia katika bonde la Ruzizi. Kiliba na miwa yake, Sange, Luvungi, mupaka Kamanyola. Kushoto ni milima, kulia ni muto ambao hauonekani mara nyingi, na ng'ambo yake Burundi. Kwa sababu nilikuwa na kushi katika akili, njia nzima niliangalia kitu kimoja tu, nguo zilizoanikwa. Kule bondeni zilikuwa kila pahali: juu ya nyasi, juu ya ua wa matete, juu ya mabati ya choo, juu ya miti midogo ya mihogo. Karibu na Sange mupira wa gari ukapasuka, tukashuka. Mama mumoja wa pale alikuwa anaanika nguo za mutoto muchanga. Dereva alipomaliza kubadilisha mupira na kubishana na kila mutu aliyempa shauri, yule mama alikuwa amekwisha kuanua nguo zake zote na kuzikunja. Zilikuwa ngumu kama samaki mukavu. Nikasema ndani ya moyo: tazama, kushi ni jambo rahisi.

Kamanyola ndipo njia inagawanyika. Wenye karatasi wanavuka kwenda Bugarama, wanapanda kwa lami upande wa Rwanda na kuingia Bukavu kwa Ruzizi. Sisi wengine tulipanda Ngomo. Juu ya Ngomo sina mengi ya kusema. Kuna mwamba upande mumoja, kuna shimo upande mwingine, na magari mawili yakikutana, wamama wote ndani ya gari wanaanza kuomba hata wale ambao hawaendi kanisani. Kadiri tulivyopanda, madirisha yakafungwa. Mama aliyekaa karibu nami akatoa shali. Ziwa letu la Tanganyika liko metre 773 juu ya bahari, ziwa Kivu liko karibu metre 1.460, na Ruzizi ndiyo inayoshusha maji ya Kivu kwetu. Maji yalikuwa yanashuka, sisi tulikuwa tunapanda karibu mara mbili ya kimo cha kwetu.

Upande wa Nyangezi niliona tena nguo. Lakini sasa zilikuwa chini ya mapaa, zimebanana kwenye kamba fupi karibu na ukuta, na hakuna hata moja juu ya nyasi. Nyasi zenyewe zilikuwa zinangaa kwa maji. Niliona kwa macho, wamama, na sikuelewa. Akili yangu ilikuwa bado Uvira.

Bukavu ilitupokea kwa mvua. Binti yangu anakaa Cimpunda, na wanaoijua Cimpunda wanajua kwamba nyumba pale zimepandana juu ya mulima kama vitabu juu ya rafu. Paa la jirani wa chini liko sawa na mulango wako. Motari alinifikisha pahali alipoweza, kisha kijana mumoja akabeba godoro langu kichwani, tukapanda katika matope. Mutoto nilimukuta amelala, mwenye nywele nyingi, na pua ya mume wangu. Nilifungua muzigo. Binti yangu akafurahi sana. Mukwe wangu akashika kushi moja, akaipima katika mukono, akasema: "Mama, hii hata mvua ya Bukavu haiwezi kupita." Tulicheka.

Siku ya kwanza ya kufua, sikucheka. Bomba lilikuwa halitoi maji tangu siku nne, na maji yalikuwa yanauzwa kwa bidoni, vijana wanapandisha. Kushi zangu zilikuwa zinakunywa. Kufua ni kazi ndogo. Kusuuza ndiko kulikonishinda. Bidoni moja ya litre 20 haikutosha kusuuza kushi 6. Unakamua, povu linatoka. Unatia tena maji, povu linatoka tena, kwa sababu sabuni inajificha ndani ya lile taulo la katikati na haitaki kutoka. Kuzikamua kwa mukono kulishindikana pia, kitambaa ni kinene na mushono unakizuia kupindika. Mwishoni nikajiambia povu kidogo si kitu. Nikaanika.

Kwetu nimezoea kuanika saa 3 ya asubui na kuanua saa 6. Kule, saa 7 ya muchana wingu likatoka nyuma ya milima, na tukakimbia kuondoa kila kitu. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Munaelewa, Bukavu mvua inaanza mwezi wa 9 na inaendelea mupaka wa 5, na katika mwezi wa 11 kuna siku ambazo jua linachungulia tu na kurudi. Siku ya tatu nilishika kushi zangu: juu zilikuwa kavu kabisa. Nikamuvalisha mutoto. Lakini wamama, kama ningeziweka kwenye shavu langu ningejua. Ngozi ya mukono wa mama aliyefua miaka mingi ni ngumu, haisikii kitu. Shavu linasikia. Kitambaa chenye maji ndani kinakuwa baridi kwenye shavu, hata kama juu kimekauka. Lile taulo la katikati lilikuwa bado na maji ya siku ya kwanza, na lilikuwa limeanza kutoa harufu ya nyumba iliyofungwa.

Na juu yake nilikuwa ninafunga plastiki, ili kitanda kisilowe. Ninawaambia yote.

Siku hiyo mangaribi umeme ulikatika. Mukwe wangu, mutu muzuri anayependa mutoto wake, akawasha mbabula, akaiingiza chumbani, akatandika kushi zangu kwenye viti kuizunguka, kisha akafunga dirisha na mulango ili mutoto asipate baridi. Nilimusaidia kufunga. Mama jirani wa juu akaja kutusalimia, akasimama mulangoni, akaangalia, wala hakusalimia. Alichukua mbabula kwa vitambaa viwili, akaitoa inje na makala yakiwaka, akafungua dirisha. Kisha akanigeukia. "Koko, mulitaka kulala na hii?" Nikasema ndiyo, makala hayatoi moshi. Akasema ndiyo hatari yake. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Watu wanalala, hawasikii kitu, na asubui hawaamuki. Mutoto ndiye wa kwanza. Nilikaa chini. Miguu ilikataa kunibeba. Nilikuwa nimetoka Uvira kwa kumutunza muzazi.

Munisamehe kama ninalikawiza jambo hili, lakini ninajua kwamba kati yetu wako wanaokaushia nguo ndani ya nyumba wakati wa mvua. Mbabula ikae inje ao chini ya paa lililo wazi pande zote, na mutu awe macho. Ndani ya chumba cha kulala, hapana, hata kwa saa moja.

Kisha vidonda vikaja. Katikati ya miguu, na kwenye matako, ngozi ikawa nyekundu na yenye kungaa, na mutoto analia kila anapokojoa. Tulimupeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliyetupokea alimuangalia mutoto kidogo, kisha akachukua kushi, akaikamata kwa vidole viwili, akaibana sana na kuiweka kwenye shavu lake. Kwake ndiko nilikojifunza jambo la shavu. Akauliza tunasuuza mara ngapi. Akauliza plastiki ni ya nini. Hakugombeza, na ingekuwa afazali angegombeza, kwa sababu binti yangu alikuwa ananiangalia. Akatuambia: mubadilishe kila anapokojoa, musafishe kwa maji tu bila sabuni, mukaushe kwa kugusagusa na siyo kusugua, mumuache matako wazi kila siku kwa wakati fulani, na mupake kidogo pomadi yenye zinki. Kama baada ya siku 3 bado, ao kama munaona vipele vidogo vyekundu vinatawanyika kwenye mikunjo ya ngozi, ao usaha, ao homa, murudi bila kungojea, kwa kuwa vipele vile mara nyingi vinatokana na kuvu, na vina dawa yake tofauti. Na plastiki, tuitupe.

Tulipotoka, binti yangu hakusema neno mupaka nyumbani. Pale akasema: "Mama, usilie." Ni mimi niliyekuwa ninalia.

Yule mama jirani ndiye aliyenipeleka soko la Kadutu. Ni soko la mulimani, njia zake nyembamba, maji ya mvua yanapita katikati ya miguu, na ukisimama kidogo unasukumwa na mutu mwenye gunia la makala. Nilikuwa ninaelekea kwenye vitambaa vipya, kama kawaida yangu. Akanivuta mukono, tukaenda kwenye mabaloti, kule wanakotandika mashuka ya kutoka Ulaya yaliyokwisha kutumiwa. Nikashangaa. Mujukuu wangu wa kwanza avae shuka la watu? Akacheka. Akasema shuka la pamba lililofuliwa mara nyingi limekwisha kufanyiwa kazi yote ambayo kitambaa kipya bado kukifanyiwa.

Akanionyesha. Katika mufuko wake alikuwa na chupa ndogo ya maji. Anatandika shuka juu ya mukono, anadondosha tone moja. Kwenye pamba iliyozeeka, tone linaingia papo hapo na kutawanyika. Kwenye poliesta linakaa juu kama jicho na linakuangalia. Kisha akamuelekezea muuzaji kitambaa kipya cha pamba cha meza ya jirani, akadondosha tone: likakaa juu pia! Nikasema basi na hii ni poliesta. Hapana, akasema, hii ni pamba, lakini imetoka kiwandani na wanga, na pamba mupya iko na mafuta yake ya asili. Lazima uifue mara 4 ao 5 kwa maji ya moto ndipo itaanza kunywa. Ndiyo sababu wamama wengi wananunua flaneli mupya, wanamuvalisha mutoto siku ileile, mukojo unapita pembeni, kisha wanasema flaneli ni mbaya.

Kwa hiyo tone peke yake halitoshi kuhukumu kitambaa kipya. Kwa hicho kuna moto. Unachomoa nyuzi chache kwenye pindo (umuombe mwenyewe kwanza, yule wetu alikasirika kidogo), unaziwasha. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na inaacha majivu laini yanayopotea ukiyagusa. Poliesta na nailoni zinayeyuka, zinanuka plastiki, na zinaacha kitone kigumu. Vikiwa vimechanganyika, utapata vyote viwili, majivu na vitone. Wamama, na vikwembe vyetu ni vilevile. Siku hizi vingi vyenye rangi nzuri na bei ndogo ni poliesta. Ni vizuri kwa kanisa. Kwa kushi, chukua kile cha pamba ulichokivaa mupaka kimekuwa chepesi na rangi imekimbia.

Kisha akashika shuka juu kuelekea mwangaza. Kama nyuzi zimebanana sana hata mwangaza haupiti, ni nguvu lakini inakunywa polepole. Kama unaona mwangaza kidogo kila pahali, hiyo. Kama kuna pahali pamoja penye mwangaza mwingi, pale ndipo watu walilalia, patapasuka. Tulinunua mashuka 3 makubwa, na tisheti 5 za pamba za wanaume, zile zilizokuwa zimenyooka shingo na hazina bei tena. Bei ya yote haikufika nusu ya molotoni yangu peke yake.

Nyumbani tukakata. Kila kipande metre 0,70 kwa 0,70, pindo nyembamba iliyoshonwa mara moja. Hakuna kushonea kipande juu ya kingine. Binti yangu alishika moja, akasema: "Lakini hii ni nyembamba, atalowesha kila kitu." Jirani akaikunja: mara mbili, ikawa na safu 4; akavuta pembe moja kufanya pembetatu; akakunja tisheti moja iliyokatwa kuwa utepe mupana, akaiweka katikati kwa urefu. Tukahesabu safu pale mukojo unapofika: zaidi ya 10. Kushi yangu ya Uvira ilikuwa na 3, ingawa ilionekana kuwa mama yao.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kushi nyembamba ni nene inapokuwa juu ya mutoto, na ni nyembamba inapokuwa juu ya kamba. Ukiifungua, upepo unapita pande zote mbili za safu moja tu. Kushi yangu ilikuwa nene pahali pote na wakati wote, kwa sababu nilikuwa nimeifungia unene wake kwa uzi. Zile za shuka zilikauka chini ya paa, bila jua, katikati ya mvua ya jana na mvua ya leo. Na kusuuza? Bidoni moja ilitosha 15, na kuna maji yaliyobaki ya kuosha beseni.

Munaweza kuuliza juu ya taulo, kwa kuwa wengi mulilisifu. Taulo la pamba linakunywa sana. Likatwe kuwa kipande cha peke yake, cha kuweka ndani wakati wa usiku, kisichoshonewa popote, ili kianikwe peke yake. Ile mikrofibri ya kufutia magari, ambayo wengine wanaikata kwa sababu inakunywa haraka, isiguse ngozi ya mutoto kamwe. Inakausha ngozi, na mutoto akiikalia inarudisha maji inje kama sponji. Kuna kitambaa chembamba cha manyoya ya poliesta kama cha makoti ya baridi: hakinywi kitu, lakini kipande chake kidogo kikiwekwa juu, mukojo unapita na ngozi inabaki kavu kidogo. Binti yangu alikata vichache kutoka koti la zamani. Kumbe poliesta nayo iko na kazi.

Juu ya hesabu: mutoto wa siku za kwanza anabadilishwa mara 8 mupaka 12 kwa siku. Kwa mutu anayefua kila siku mbili, 24 ni hesabu nzuri, na Bukavu katika mvua tuliongeza 10.

Jinsi tulivyofua mupaka mwisho wa kukaa kwangu kule ilikuwa hivi. Choo cha mutoto kinatupwa kwenye latrini, siyo uwanjani, siyo kwenye mufereji. Choo cha mutoto muchanga kinabeba magonjwa sawa na cha mukubwa, hata kama tunakiita maziwa. Kushi inasuuzwa kwanza na maji baridi, kwani maji ya moto yanakamatisha doa. Inalala ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kesho yake inafuliwa na sabuni ya mawese, kidogo, na maji ya uvuguvugu. Kisha kusuuza mupaka maji yanatoka bila povu hata ukikamua kwa nguvu. Mara moja kwa juma tulichemusha zote katika sufuria kubwa. Javeli hapana, isipokuwa wakati wa kuhara ndani ya nyumba, na hapo pia kusuuza sana, kwa sababu inakula nyuzi na inachoma ngozi. Yale maji ya manukato ya kulainisha nguo hapana kabisa: yanapaka kila uzi mafuta, na kushi yako ya pamba inaanza kukataa mukojo kama poliesta. Na zawadi ambayo Bukavu ilitupa: maji ya mvua. Tuliweka ndoo chini ya bati, tukaacha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha tukakinga. Maji hayo hayana chumvichumvi ya ziwa, sabuni inatoka haraka. Mvua niliyokuwa ninailaani ndiyo iliyotusaidia kusuuza.

Vidonda vilikauka katika siku 5. Makovu hayapo.

Siku moja kabla ya kurudi tulishuka kule Ruzizi inapotoka katika ziwa, binti yangu akiwa na mutoto mugongoni. Wengi wenu mumesikia juu ya taka za plastiki zinazoletwa na mvua kutoka milimani, zinazoingia katika ziwa na kwenda kuziba mashine za bwawa la umeme. Nilisimama nikaziona kwa macho: chupa, mifuko, viatu. Wazazi wengi wa siku hizi wananunua kushi za kutupa, na sikatai, kwa safari ao kwa ugonjwa zinasaidia. Lakini nazo ziko na plastiki, na katika muji ambapo gari la taka halipandi mulimani, kutupa ni kusukumia maji. Na maji hayo, wamama, yanashuka kwetu.

Nilirudi na zile 24 zangu nene ndani ya kikwembe kilekile. Konda hakuwa yule wa kwanza, lakini naye aliuliza juu ya godoro. Tuliposhuka Ngomo na joto la Kamanyola likatuingia usoni, nilifungua dirisha. Nguo zilikuwa tena juu ya nyasi.

Sasa munaweza kusema: basi sisi wa Uvira tunaweza kushona nene, jua tunalo. Kweli, zile zangu zilikauka hapa Mulongwe katika saa chache, na jirani yangu alizitumia kwa mapacha wake. Lakini jua letu liko na mambo yake. Kuna yule inzi wa rangi ya manjano tunayemuita inzi wa maembe. Anatafuta pahali penye harufu ya mukojo ao jasho, kwenye muchanga wa kivulini na kwenye nguo zenye unyevu, anaweka mayai. Kibuu kinaingia katika ngozi ya mutoto, na baada ya siku chache munaona jipu lenye tundu dogo. Kushi nene iliyoshonwa, yenye unyevu katika mishono, iliyotandikwa chini ya muembe: huko ni kumukaribisha. Kushi isianikwe chini wala kivulini. Ianikwe kwenye kamba, katika jua kali, ianuliwe mbele ya mangaribi, na ipigwe pasi ya moto pande zote mbili, zaidi kwenye pindo. Pasi ya makala inafaa sawasawa.

La pili ni ziwa. Ninajua kwamba kufulia ziwani ao Mulongwe ni rahisi, maji ni mengi na mazungumuzo ni matamu. Mimi pia nililelea watoto wangu pale. Lakini Uvira inajua kolera kuliko miji mingi, na pahali unaposuuzia kushi, mwingine anateka maji ya kunywa. Tuchote, tufulie uwanjani, maji ya kwanza tuyamwange latrini, na mikono tuisafishe kwa sabuni mbele ya kugusa ziwa la mama.

Kwa dada yetu aliyeuliza: unakaa katika nyumba ya kupanga, uwanja hakuna, kamba yako ni ile ya kwenye baraza la nyuma ambapo jua linafika saa 4 na kuondoka saa 6. Wewe unakaa Uvira lakini kamba yako inakaa Bukavu. Nunua mashuka. Uje na chupa ya maji, tutaenda sokoni pamoja siku ya Posho, mimi nitabishana na wauzaji.

Na wale wanaotaka kujaribu shavu: kushi 4 katika zile 24 zingali nyumbani kwangu, mujukuu wangu anazipigia magoti akija likizo na kucheza na magari yake kwenye sakafu. Nitaleta moja ya hizo na moja ya shuka katika mukutano ujao, zote zikiwa zimefuliwa asubui ileile, tuzianike mulangoni kabla ya kuomba.